Chanjo ya rota: kwa nini wanaolazwa wamepungua ilhali watoto bado wanaharisha

Rwanda ilianza kutoa chanjo ya rota, yaani ya virusi vinavyowaharisha watoto wadogo, Mei 2012. Watafiti walipolinganisha miaka ya 2009 hadi 2011, kabla ya chanjo, na miaka ya 2013 na 2014, walipata majibu matatu. Taarifa za kawaida ambazo hospitali hupeleka wizarani zilionyesha kuwa watoto waliolazwa kwa kuhara walipungua kwa asilimia 17 hadi 29. Daftari za wodi za watoto zilionyesha punguzo la asilimia 48 hadi 49 la waliolazwa kwa kuhara na kutapika kwa ghafla. Na pale ambapo watoto waliolazwa walipimwa choo, waliokutwa na virusi vya rota walipungua kwa asilimia 61 hadi 70.

Nchi ileile, chanjo ileile, miaka ileile. Mtetezi wa chanjo atakupa 70, mpinzani wake atakupa 17, na mama ambaye mwanawe alipata dozi zote kisha akaharisha wiki iliyopita atajiuliza nani anamdanganya. Hakuna anayemdanganya. Takwimu zote tatu ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake. Maswali hayo yakichanganywa, mzazi hufikia hitimisho baya: kwamba chanjo haifanyi kazi, na kwamba kurudi kliniki kwa dozi ya pili ni kupoteza nauli.

Tuelewane kwanza

Kuhara ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Si ugonjwa mmoja. Ni dalili inayoweza kuletwa na virusi, bakteria au vimelea wengine wengi, kila mmoja na njia yake ya kumwingia mtoto.

Virusi vya rota ni kisababishi kimoja tu kati ya hivyo, lakini kwa watoto wadogo ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Viligunduliwa mwaka 1973 mjini Melbourne, Australia, na Ruth Bishop na wenzake, walipotazama kwa darubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto wanaoharisha. Karibu kila mtoto duniani huambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5, awe amezaliwa Mbagala au Chicago.

Chanjo ya rota ni dawa ya kunywa, si sindano. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo hukaa kwenye utumbo kwa siku chache na kuufundisha mwili kuvitambua vile vikali.

Kulazwa maana yake ni mtoto kupewa kitanda. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina uzito mkubwa katika kusoma takwimu. Mtoto aliyenyweshwa ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwenye kona ya zahanati na kurudi nyumbani jioni hamo kwenye hesabu. Aliyefia nyumbani naye hamo. Hesabu ya wodi ni ya wale waliozidiwa na wakafikishwa.

Virusi hivi vinavyomwangusha mtoto

Chembe chache mno za virusi, chini ya mia moja, zinatosha kumwambukiza mtoto, na gramu moja ya choo cha mgonjwa inaweza kubeba mabilioni. Huishi kwenye vidole kwa saa kadhaa, na kwenye vijiko, vitasa na midoli kwa siku nyingi. Ndiyo maana kunawa mikono na maji safi, ambavyo hupunguza sana kipindupindu, havikutosha kuizuia rota hata kwenye nchi ambako kila nyumba ina bomba na choo cha kuvuta. Kabla ya chanjo za sasa kuanza Marekani mwaka 2006, watoto 55,000 hadi 70,000 walikuwa wakilazwa huko kila mwaka kwa sababu ya virusi hivi.

Baada ya siku moja hadi tatu tangu kuambukizwa, mtoto huanza kutapika na kupata homa. Kuhara hufuata, choo cha maji kisicho na damu, na kinaweza kuendelea kwa siku tatu hadi nane. Ndani ya utumbo mwembamba, virusi vimeharibu ncha za vinyweleo vidogo vinavyofyonza maji na chakula. Maji yanayonyweshwa hayafyonzwi vizuri, na mengine yanatoka mwilini kuingia kwenye utumbo.

Huko kutapika mwanzoni ndiko kunakojaza wodi. Mtoto anayehara bila kutapika anaweza kunyweshwa nyumbani akafidia anachopoteza. Anayetapika kila kijiko hawezi. Mtoto wa kilo 8 akipoteza mililita 800 za maji amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hapo ndipo upungufu wa maji unapoitwa mkali: macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, mtoto amelegea na hata kunyonya hawezi. Kwa mtoto mchanga safari ya kutoka kutapika kwa kwanza hadi hali hiyo inaweza kuchukua chini ya siku moja. Kinachohitajika hapo ni dripu, na dripu inamaanisha kitanda.

Makadirio ya vifo yalifuata mkondo huohuo. Kwa mwaka 2008, kabla nchi nyingi maskini hazijapata chanjo, vifo vya watoto chini ya miaka 5 kutokana na rota vilikadiriwa kuwa 453,000 duniani. Makadirio ya kundi jingine la watafiti kwa mwaka 2016 yalikuwa takriban 128,500. Si sahihi kuipa chanjo sifa zote za punguzo hilo. ORS, zinki, lishe na barabara za kufika hospitali vimechangia, na njia za kukadiria hazifanani. Sehemu ya chanjo huonekana wazi zaidi wodini.

Chanjo inazuia nini hasa

Mtoto ambaye hajachanjwa huweza kuambukizwa rota zaidi ya mara moja, na kwa kawaida ile ya kwanza ndiyo nzito. Zinazofuata huwa nyepesi, nyingine hazionekani kabisa. Chanjo imejengwa juu ya ukweli huo: inachukua nafasi ya ule ugonjwa wa kwanza, bila mateso yake.

Basi mtoto aliyechanjwa anaweza kuambukizwa, na anaweza kuhara. Kofia ngumu haimzuii dereva wa bodaboda kuanguka. Inazuia kichwa kisipasuke anapoanguka. Chanjo ya rota ipo hivyo. Kazi yake kuu ni kuuondoa ugonjwa kwenye kiwango cha dripu na kuurudisha kwenye kiwango cha kikombe cha ORS. Ukiipima kwa swali la "ameharisha au hajaharisha?" utaiona dhaifu. Ukiipima kwa swali la "amelazwa au hajalazwa?" utaona kazi yake. Na kwa kuwa haigusi visababishi vingine vya kuhara, kwa Shigella, kriptosporidiamu, E. koli au kipindupindu haina msaada wowote.

Hesabu ya vitanda

Turudi kwenye zile takwimu tatu za Rwanda. Chukua wodi ambayo kwa mwaka inapokea watoto 100 wenye kuhara. Katika hospitali za Afrika zilizokuwa zikipima choo cha watoto kabla ya chanjo, takriban 40 kati ya kila 100 walikuwa na rota. Basi weka 40 wa rota na 60 wa visababishi vingine.

Chanjo inaingia, na waliolazwa kwa rota wanapungua kwa asilimia 60. Wale 40 wanabaki 16. Wale 60 wengine hawajaguswa. Jumla sasa ni 76. Ukihesabu rota peke yake, punguzo ni asilimia 60. Ukihesabu kuhara kote, ni asilimia 24. Vitanda vilivyookolewa ni vilevile 24 kwa hesabu zote mbili. Kilichobadilika ni idadi unayoigawia. Tena, kati ya watoto 76 waliobaki, wenye rota ni 16, yaani asilimia 21 badala ya 40. Mtu akikuambia kuwa sehemu ya rota imeshuka kutoka asilimia 40 hadi 21, anazungumzia vitanda vilevile 24 kwa sura ya tatu.

Kwa hiyo mwanzo wa kusoma takwimu yoyote ya aina hii ni kuuliza: asilimia ya nini? Ya rota iliyothibitishwa kwa kipimo, au ya kuhara kwa jumla? Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali kwa miaka ya 2006 hadi 2019 yalikuta tofauti hiyohiyo kila mahali: kwa wastani wa kati, waliolazwa kwa rota walipungua kwa asilimia 59, na waliolazwa kwa kuhara kwa jumla kwa asilimia 36.

Taarifa za kawaida za hospitali nazo zina kasoro zake. Hospitali moja ikipata mwandishi bora wa takwimu, wagonjwa "wanaongezeka" kwenye karatasi. Bima ya afya ikipanuka, wanaofika hospitali wanaongezeka kweli, hata kama ugonjwa umepungua kijijini. Kinyume chake pia hutokea. Kenya ilikuwa na mgomo wa madaktari kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha mgomo wa wauguzi kuanzia Juni hadi Novemba mwaka huohuo. Wodi zilizokuwa tupu miezi hiyo hazikuwa tupu kwa sababu ya chanjo. Mtafiti makini hatosheki na kabla na baada. Huweka miaka kadhaa ya kabla ya chanjo, huzingatia majira ya mwaka, na huangalia pia watoto waliolazwa kwa maradhi yasiyohusiana na chanjo. Kama na wao wamepungua vilevile, sababu ni nyingine.

Kenya, iliyoanza chanjo Julai 2014, ilipimwa kwa njia hiyo katika hospitali za Kilifi na Siaya. Waliolazwa kwa rota walipungua kwa asilimia 57 Kilifi na 59 Siaya mwaka wa kwanza, kisha 80 na 82 mwaka wa pili. Pwani na ukanda wa ziwa, mahali pawili pasipofanana kwa hali ya hewa wala maisha, na majibu yakakaribiana namna hiyo. Kupanda kwa mwaka wa pili kunaeleweka. Chanjo ilianza na watoto wa wiki sita. Mwaka wa kwanza, watoto wa mwaka mmoja na nusu waliokuwa wakilazwa walikuwa wamezaliwa kabla ya chanjo kuingia, na kliniki nyingi zilikuwa bado zinajipanga.

Rwanda iliongeza jambo jingine: rota ilipungua hata kwa watoto waliokuwa wakubwa mno kuchanjwa. Sababu ni kwamba mtoto mdogo aliyechanjwa hamwagi virusi vingi nyumbani, kwa hiyo kaka au dada yake naye haambukizwi sana.

"Mbona waliolazwa wengi wamechanjwa?"

Hili ndilo swali linalowachanganya hata watumishi wa afya. Muuguzi anafungua kadi za kliniki za watoto wenye rota wodini na kukuta wengi wamepata dozi zote. Anahitimisha kuwa chanjo haina maana.

Piga hesabu. Mtaani kuna watoto 1,000, na 900 wamechanjwa. Tuseme bila chanjo, watoto 5 kati ya 100 wangelazwa kwa rota, na chanjo inapunguza hatari hiyo kwa asilimia 60, yaani hadi 2 kati ya 100. Kati ya watoto 100 wasiochanjwa watalazwa 5. Kati ya 900 waliochanjwa watalazwa 18. Wodini kuna watoto 23, na 18 wamechanjwa, karibu wanane kati ya kumi. Muuguzi ameona kweli, lakini hawezi kuwaona wale ambao hawakuja. Bila chanjo wodi hiyo ingekuwa na watoto 50. Na mtoto mmoja mmoja ukimtazama, asiyechanjwa ana hatari mara mbili na nusu ya mwenzake. Kadiri chanjo inavyowafikia watoto wengi, ndivyo wodi inavyojaa waliochanjwa; ikiwafikia wote, basi kila atakayelazwa atakuwa amechanjwa.

Kwa sababu hiyo watafiti hawatumii hesabu ya kadi za wagonjwa wa rota peke yao. Huchukua watoto wote waliolazwa kwa kuhara, huwapima choo, kisha hulinganisha: kati ya wenye rota wangapi wamechanjwa, na kati ya wasio na rota wangapi wamechanjwa? Makundi yote mawili yamefika hospitali ileile, kutoka mitaa ileile, kwa dalili ileile. Tofauti ya uchanjaji kati yao ndiyo inayosema chanjo inakinga kiasi gani.

Kinga ndogo, faida kubwa

Ukweli mmoja hausemwi vya kutosha: chanjo hii inakinga kidogo zaidi kwetu kuliko kwa matajiri. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilifanyika Afrika Kusini na Malawi. Mwaka wa kwanza wa maisha, chanjo ilizuia asilimia 76.9 ya rota kali Afrika Kusini, na asilimia 49.4 tu Malawi. Wapo walioona hapo hoja ya kutoipeleka kwenye nchi maskini.

Tazama idadi ya watoto sasa. Kwa kila watoto 100 waliochanjwa, kwa mwaka, chanjo iliepusha matukio 4.2 ya rota kali Afrika Kusini, na 6.7 Malawi. Malawi, yenye kinga ndogo, iliokoa zaidi, kwa sababu rota kali ilikuwa nyingi mno huko. Nusu ya mzigo mkubwa inazidi robo tatu ya mzigo mdogo. Mtu akisoma asilimia ya kinga bila kuuliza ugonjwa uliopo ni mwingi kiasi gani, atawanyima chanjo wale wanaoihitaji zaidi.

Kwa nini inakinga kidogo? Sababu ni nyingi na hazijitengi vizuri. Mama aliyeugua rota mara nyingi humpa mtoto kingamwili tumboni na kwenye maziwa, na hizo huvipiga virusi vya chanjo kabla havijafundisha mwili. Matone ya polio yanayotolewa siku ileile hushindana navyo utumboni, hasa kwenye dozi ya kwanza. Utumbo unaoshambuliwa na vijidudu kila siku huwa umechoka na haupokei somo vizuri. Na lishe: utafiti wa Kenya ulikuta chanjo ikikinga vizuri zaidi watoto wenye uzito mzuri kuliko wale waliodumaa au wenye uzito pungufu. Kinga pia hupungua mwaka wa pili wa maisha. Hakuna hata sababu moja kati ya hizi inayomfaa mzazi kuacha chanjo, na kumwachisha mtoto kunyonya ili chanjo "ikamate" ni kosa kubwa. Maziwa ya mama yanaendelea kabla na baada ya dozi.

Kliniki: dozi na yanayokwenda mrama

Tanzania Bara ilianza chanjo hii nchi nzima Januari 2013, pamoja na ile ya nimonia, kwa ratiba ya wiki 6 na wiki 10. Uganda iliingia mwaka 2018. Ziko aina kadhaa za chanjo: nyingine ni dozi mbili, nyingine tatu, na ile ya tatu hutolewa wiki ya 14. Nchi hubadilisha aina kulingana na upatikanaji, kwa hiyo usihesabu kwa kumbukumbu ya mtoto wako wa kwanza. Soma kadi ya huyu, uone imeandikwa tarehe ngapi za Rota na zipi bado ziko wazi.

Kati ya dozi na dozi kuwe na angalau wiki nne. Mtoto aliyechelewa arudishwe, asiachwe: tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linaruhusu chanjo hii hadi miezi 24, ingawa baadhi ya nchi zimebaki na ukomo wa umri mdogo zaidi. Lakini kuchelewa kuna gharama. Rota kali kwetu huwapata wengi kabla ya mwaka mmoja, na dozi ya mwezi wa tisa inakuta wengine wameshalazwa.

Dozi hunyweshwa polepole, kuelekea ndani ya shavu, mtoto akiwa ameinamishwa nyuma kidogo. Mpangilio mzuri ni kutanguliza chanjo za kunywa kabla ya sindano. Mtoto aliyekwisha kuchomwa analia, anatema, na nusu ya dozi inaishia kwenye kanga. Akitema kidogo si tatizo. Akitema karibu yote, mwambie mtoa chanjo palepale. Kwa baadhi ya aina hurudiwa, kwa nyingine ratiba huendelea kama kawaida.

Chanjo hukaa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 8. Kwenye chombo chake kuna alama ya duara yenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana na duara kwa weusi au kuuzidi, joto limeiharibu na haipaswi kutumika. Mzazi ana haki ya kuomba aoneshwe.

Mafua, kikohozi au homa ndogo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huchanjwa. Wasiopewa ni wachache: aliyewahi kupata tatizo la utumbo kuingia ndani ya utumbo, mwenye upungufu mkali sana wa kinga wa kuzaliwa nao, na aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia. Mwenye kuhara au kutapika kukali husubiri apate nafuu.

Hofu na dhana

Hofu moja ina msingi wa kweli, kwa hiyo ielezwe vizuri. Chanjo ya kwanza kabisa ya rota, RotaShield, iliidhinishwa Marekani Agosti 1998 na kuondolewa sokoni Oktoba 1999. Ilibainika kuwa takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 alipata tatizo la utumbo: sehemu moja ya utumbo huteleza na kuingia ndani ya sehemu inayofuata, ikaziba. Ndiyo maana chanjo zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 kabla ya kuidhinishwa. Zilipoanza kutumika kwa mamilioni, nchi tajiri zilikuta hatari ndogo, mtoto mmoja hadi watano kati ya 100,000. Uchunguzi wa nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2018, haukukuta ongezeko lolote la tatizo hilo kwa Rotarix. Hata hivyo kila mzazi azijue dalili zake, kwani huwapata hata wasiochanjwa: kilio kikali kinachokuja na kuondoka huku mtoto akikunja miguu, kutapika mfululizo, tumbo kujaa, choo chenye damu na makamasi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Akiwahi, hutibika.

Wengine husema chanjo ndiyo iliyomharisha mtoto. Choo laini kwa siku moja au mbili baada ya dozi kinaweza kutokea na hupita chenyewe. Kumbuka pia kuwa watoto wa umri huo huhara mara kwa mara, na baadhi wangeharisha wiki ile hata bila kufika kliniki. Virusi vya chanjo hutoka na choo kwa siku kadhaa, hivyo nawa mikono vizuri kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi.

Kwa kuwa zote mbili hunyweshwa, wapo wanaodhani rota na matone ya polio ni kitu kimoja. Ni magonjwa mawili, chanjo mbili, na kadi huziandika kwenye mistari tofauti.

Halafu kuna meno. Mtoto wa miezi sita anaota meno, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na umri huohuo ndio rota inapenda. Meno yanapewa lawama, matibabu yanachelewa. Kinachoumiza zaidi ni imani ya "meno ya plastiki", ambapo mtoto anayeharisha na kuwa na homa hupelekwa kwa mtu anayemng'oa vijimeno vichanga kwenye ufizi kwa chuma kisicho safi. Meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni meno halisi ya mtoto, kwa maumivu makali, na watoto hupoteza damu, hupata maambukizi, na maji yanaendelea kuwaisha wakati muda wa kuwanywesha unapotea.

Akiharisha, awe amechanjwa au la

Wengi wa wale 76 wa hesabu yetu walilazwa kwa visababishi ambavyo chanjo haivigusi. Kinachowazuia kufika kitandani ni kinachofanyika nyumbani saa chache za mwanzo.

Soma paketi ya ORS kwanza: nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Changanya paketi nzima na kiasi hichohicho cha maji safi. Kumwaga nusu paketi kwenye kikombe huleta chumvi nyingi inayoweza kumdhuru. Kuizimua sana kunapunguza nguvu yake. Soda na juisi si mbadala, sukari yake huongeza kuhara. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mpya.

Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe. Mkubwa zaidi apewe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi, kijiko baada ya kijiko. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakasema "hakai na kitu". Vijiko vidogo vidogo hukaa pale ambapo kikombe kizima hurudi. Aendelee kunyonya na kula.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10, nusu kidonge. Kosa la kawaida ni kuiacha siku kuhara kunapokoma, ilhali siku zilizobaki ndizo zinazosaidia kuzuia kuhara kwa miezi inayofuata. Antibiotiki haziui virusi. Zina kazi yake kwenye choo chenye damu na kipindupindu, kwa uamuzi wa mhudumu wa afya.

Usisubiri asubuhi ukiona macho yameingia ndani, analegea au ni vigumu kumwamsha, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, hakojoi kwa saa sita au zaidi, au ana damu kwenye choo. Nenda na kadi yake ya kliniki, na njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko kama bado anaweza kumeza.